Mkuu, weka hiyo drili chini: paa la kiwanda cha zamani halitobolewi kabla ya maabara

Salamu baadaye. Umeniandikia kwamba mnageuza kiwanda cha zamani kuwa studio za wasanii, ukauliza mambo manne: mgawanyo wa vyumba, kelele za wapiga ngoma kwa wachoraji, kodi ambayo wasanii wataimudu, halafu mwishoni ukachomekea kwamba Jumamosi fundi anatoboa paa la hicho kiwanda cha nguo mpate mwanga. Hilo la mwisho ndilo limenitoa kitandani.

"Mabati ya kijivu, magumu kama simenti, ya tangu kiwanda kinajengwa." Umeandika mwenyewe. Mkuu, hiyo ni asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ndogo ambayo vumbi lake huleta kansa, mpaka maabara iseme siyo.

Sisi tulikuwa 9, tukapata kiwanda cha nyuzi kilichofungwa zamani. Kila mmoja kichwani ana picha za Spinnerei ya Leipzig, Ujerumani, kile kiwanda cha pamba cha mwaka 1884 ambacho leo kimejaa studio. Picha hazionyeshi vumbi. Tukamlipa jamaa aliyejiita mtaalamu wa majengo ya kale. Kadi yake ilikuwa nzuri kuliko ukaguzi wake. Akazunguka, akagonga ukuta kwa ngumi kama anayechagua tikiti, akatazama juu: "Simenti tu hiyo, haina neno."

Simenti tu! Ni kweli simenti ndiyo nyingi. Kwenye mabati ya aina ile asbesto mara nyingi huwa asilimia 10 hadi 15. Hata sumu ya panya sehemu kubwa ni unga, mbona hatuisongi ugali? Mpaka leo nikikutana naye navuka barabara, kwa usalama wake.

Basi fundi akapanda na grenda, akakata matundu 16. Vijana wakasugua upande wa ndani kwa brashi ya waya ili rangi nyeupe ishike. Siku mbili nzima, vitambaa puani. Tundu la kwanza lilipofunguka jua likashuka kama nguzo mpaka sakafuni, vumbi likicheza ndani yake, tukapiga makofi. Ninayo picha: nimesimama katikati ya ile nguzo, mdomo wazi, nacheka. Ndiyo picha niliyotoka vizuri kuliko zote maishani, na siwezi kuitazama.

Aliyetushtua ni mzee aliyewahi kufanya kazi humo, alikuja kuchungulia. Hakuvuka mlango. Alivua kofia akaziba nayo pua, akauliza, "Wanangu, nani kawaambia mkate hiyo?" Tukapeleka kipande maabara. Jibu: krisotili, asbesto nyeupe.

Tulishafagia kwa ufagio. Tulishapitisha kifyonza vumbi cha nyumbani, ambacho nyuzi ndogo kiasi kile hukitokea kwa nyuma na kusambaa upya. Turubai za kuchorea, mapazia, makochi, vyote vikafungwa kwenye nailoni kama taka za sumu. Usafishaji ulikula pesa kuliko ukarabati wote tuliopanga. Mwenye jengo tulipomfuata alifungua mkataba, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: mpangaji amepokea jengo kama lilivyo. Sahihi yangu ilikuwa chini yake, nimeipamba na mkia.

Kodi ikabidi iwe mara mbili. Wasanii 14 walikuwa wameshika nafasi. Wakabaki 3, na mmoja ni mimi. Na hapo sijagusa afya. Kansa ya utando wa mapafu inayoletwa na vumbi hili kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye, kwa hiyo nina miadi ambayo sijui tarehe yake.

Kinachoniuma zaidi: mwanga ulikuwepo. Paa lilikuwa la meno ya msumeno, na kila jino lina upande wa vioo uliogeuzwa usipigwe na jua moja kwa moja (kaskazini kwa nchi za kaskazini mwa ikweta, kusini kwa zilizo kusini). Wasokota nyuzi walihitaji mwanga uliotulia, yaani uleule anaoutaka mchoraji. Mtu fulani alivipaka vioo lami kuzuia kuvuja, nasi tukadhani ni ukuta. Angalia kwako. Na hiyo lami nayo ipimwe, usinicheke.

Sampuli kabla ya sahihi. Si kabla ya rangi, kabla ya SAHIHI. Siyo paa tu: bodi za dari, vigae vya sakafu na gundi nyeusi chini yake, na zaidi ya vyote lile gamba laini linalozungushiwa mabomba ya boila, hilo ni baya kuliko mabati kwa sababu linapukutika kwa kuguswa tu. Achukue mtu aliyefunzwa, alowanishe kwanza, kipande kikatazamwe kwa hadubini. Kwa macho hujui kitu. Asbesto ikikutwa, na mabati yenyewe ni mazima, mara nyingi yanaweza kubaki yalivyo, mradi yasitobolewe, yasisuguliwe, na mkataba useme gharama zake ni za mwenye jengo. Ukishajua hilo ndipo ukokotoe kodi ya wasanii. Kuhusu ngoma, sijui, wekeni mbali.

Mpigie fundi sasa hivi. Na kama ameshatoboa kidogo "kuona unene", usifagie. Tokeni wote, funga mlango, ufunguo kaa nao wewe.