Jibu: Ncha za mistari ya hina HAZIFUNIKWI kwa pembetatu nyeupe

Dadangu wa Langoni, simama hapo hapo. Umeeleza kuwa unataka kuchora matawi ya hina kwa kompyuta, yaanze manene yaishie kwa ncha, na kwamba fundi mmoja kakushauri uchore mstari wa kawaida halafu ufunike ncha zake kwa pembetatu nyeupe. Umeuliza pia kalamu gani ya kuchorea ununue na hati gani ya Kiarabu itafaa. Kabla ya yote, zifute hizo pembetatu.

Ushauri huo huo niliuziwa na mimi, tena kwa ada ya mafunzo. Mwalimu wangu alikuwa akisema kwa kujiamini kabisa, "Mstari wa kompyuta haukondi, dawa yake ni kuufunika." Kwenye karatasi nyeupe kazi ilipendeza, nikamwamini. Nikachukua oda ya stika za ubavuni mwa boti ya kutembeza watalii Shela: tawi refu la hina lenye majani pande zote mbili, na jina la boti mwishoni. Faili likaenda Malindi kwa mwenye mashine ya kukata stika.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pesa zinapopotelea. Mashine ile haijui nyeupe wala nyeusi, na haijui unene. Kisu chake hufuata njia za mchoro, yaani mistari tupu isiyo na unene wala rangi, basi. Palipokuwa na shina nene kikapita mara moja katikati, kikaacha mkato mmoja. Hakuna shina la kubandua. Palipokuwa na pembetatu kikakata pembetatu, kila moja, kwenye ncha ya kila jani. Stika zikaja kwa basi mpaka Mokowe, zikavuka kwa boti mpaka Amu (Lamu), nikafungua mzigo nikakuta takataka. Vinaili, yaani plastiki ya stika, nikalipa mimi, kukata upya nikalipa mimi, nauli ya mzigo mara ya pili nikalipa mimi, na mteja akinihimiza kila siku kwa sababu alitaka boti iwe tayari kabla ya Maulidi. Nilipompigia yule mwalimu, akaniambia mashine ndiyo mbovu! Mashine ilifanya kazi yake barabara. Kibovu ni kumfundisha mtu uongo na kumtoza pesa juu yake. Adobe Illustrator, programu ya kuchorea kwa kompyuta, ina zana ya kubadili upana wa mstari tangu toleo la CS5 la mwaka 2010, na yeye alikuwa akiifungua programu hiyo kila asubuhi.

Wala usiseme wewe hukati stika. Ukiweka tawi lako juu ya rangi yoyote isiyo nyeupe, pembetatu zote zinajitokeza. Ukikuza mchoro huku programu imewekwa isibadilishe unene wa mistari, pembetatu zinakua, mstari unabaki na unene wake, na ncha ulizozifunika hazikai tena mahali pake.

Kanuni ni hii: kukonda kutoke ndani ya mstari wenyewe. Wewe unaijua koni ya hina. Ukikaza kidole mstari unanenepa, ukilegeza unakonda, na hakuna anayechora kwanza kisha akafuta ncha kwa pamba.

Kwa Inkscape, programu nyingine ya kuchorea ambayo ni ya bure, chora shina kwa mstari wa kawaida, nenda menyu ya Path, fungua Path Effects, uongeze Power Stroke. Chukua zana ya nodi (Node), utaona vishikio juu ya mstari; vuta kimoja nje unene uongezeke, kisukume ndani upungue, na cha mwisho kifikishe kwenye mstari wenyewe upate ncha. Ctrl na kubofya juu ya kishikio huongeza kingine, Ctrl+Alt na kubofya hukiondoa. Usishtuke rangi ikihamia kwenye ujazo (Fill), yaani rangi ya ndani ya umbo. Kanuni za SVG, aina ya faili ambayo Inkscape huhifadhi michoro, zinaupa mstari unene mmoja tu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo programu inachora umbo la kujazwa rangi na kuutunza mstari wako wa asili ndani ya faili. Ukitaka ncha tu bila kuhangaika na upana wa katikati, Taper Stroke, iliyo humo humo kwenye Path Effects, inatosha. Kwenye Illustrator bonyeza Shift+W uvute mstari pale unapotaka unenepe.

Kazi ya kukatwa ina hatua zaidi, na hizi zifanye kwenye NAKALA ya faili, kwa sababu ukishageuza mstari kuwa umbo hutaweza tena kurekebisha upana kwa vishikio. Kwenye Inkscape chagua vyote, bonyeza Shift+Ctrl+C ili mistari igeuke umbo, kisha Ctrl na alama ya kujumlisha ili majani yaungane na shina. Bila hivyo kisu kitapita pale yanapopandana. Halafu bonyeza Ctrl+5 mpaka rangi zote zipotee zibaki njia tupu. Hicho ndicho ambacho mashine itakifuata. Ukiona mstari wowote unapita katikati ya shina, usitume faili.

Tuma hapa picha ya mchoro ukiwa katika hali hiyo ya njia tupu, nitautazama usiku huu kabla hujalipa mtu.