Nodi yenye ufunguo halali ndiyo iliyokuwa ikimeza pakiti

Tulikuwa na nodi 11, kompyuta ndogo za betri zinazopitishiana data kwa redio, kwa vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, bila mnara wala ruta ya kati. Ndiyo mitandao ya adihoki ilivyo: kila nodi ni mtumaji, mpokeaji na tarishi wa wenzake. Mawasiliano yote tuliyasimba kwa ufunguo mmoja, nami nikalala fofofo.

Siku ya tatu data za upande mmoja hazikufika. Redio zinasikika, njia kwenye jedwali ni nzima. Nikaweka kompyuta pembeni inase kila kinachopita hewani. Kila njia ilipoulizwa, nodi namba 7 ilikuwa ya kwanza kujibu, tena kwa namba ya mfuatano (inayoonyesha upya wa njia) inayozidi milioni nne, ilhali wenzake walikuwa kwenye makumi. Tulitumia AODV, itifaki (kanuni za kutafuta njia) iliyochapishwa mwaka 2003 katika waraka wa kiufundi RFC 3561, ambayo huhesabu namba kubwa kuwa njia mpya zaidi. Basi zote zikaikabidhi 7 mizigo, nayo ikaimwaga. Programu yake ilikuwa imechezewa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza, hayo tuyaache.

Ufunguo wa pamoja ulimzuia mgeni tu. Siku hizi kila nodi naipa ufunguo wake, ili nikiifuta moja nisilazimike kubadilisha zote, na jibu la njia silipokei bila saini ya kidijitali ya nodi inayotafutwa yenyewe. Namba ya mfuatano lazima iwe ndani ya kilichotiwa saini, la sivyo umefanya kazi bure.

Hata hivyo, nodi inaweza kutangaza njia ya kweli kisha ikatupa pakiti. Mwaka 2000 watafiti wa Stanford walipendekeza ulinzi wa jirani: ukishampa pakiti, endelea kusikiliza kama anairusha mbele. Nikaupenda mno. Wiki hiyo hiyo ukaniponza: nikaifungia nodi namba 4, kumbe mawimbi yalikuwa yakigongana pale nilipokuwa nasikilizia. Na msaliti mjanja hupunguza nguvu ya redio, wewe umsikie lakini wa mbele asimsikie. Kwa hiyo naanza na stakabadhi kutoka mwisho wa safari, ndipo nitafute pakiti zinapopotelea. Shutuma ya jirani mmoja siifanyii kazi. Msaliti naye anajua kushtaki.

Wasaliti wawili wenye kiungo cha siri kati yao, kinachofanya nodi za mbali zionekane majirani, ni balaa jingine. Ukitaka kuwanasa kwa kupima muda wa safari ya pakiti, kumbuka mawimbi hukata takriban mita 300 kwa mikrosekunde moja. Saa ikikosea kiasi hicho tu, kipimo cha umbali kimeharibika. Saa za vifaa vyetu vya bei nafuu hazikuweza, nikaachana nalo.

Nodi namba 4 niliirudisha kazini, nikaihamisha mahali penye kelele kidogo. Haijapoteza pakiti za kutisha tangu hapo.