Watoto wananuna kwenye magofu, Gede nitawapeleka vipi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 12, wa kati 6 na mchanga miezi 8. Likizo iliyopita tuliwapeleka mahali fulani pa kihistoria, jina sitaji, yule wa kutembeza wageni akatushika saa nzima ni miaka na majina ya masultani tu, wa kati akaanza kulia anataka nyumbani, mkubwa kajiinamia kwenye simu, na baba yao akaniambia hela imeenda na maji. Sasa tunaenda Watamu na moyo wangu uko kwenye magofu ya Gede, ule mji wa kale wa Waswahili pwani ya Kenya, nifanyeje safari hii? Na kigari cha mtoto nibebe? – Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hao watoto usiwagombeze, saa nzima ya masultani hata mie ningelia.

Gede ina kitu kimoja kitamu sana kwa watoto ila watu wazima wanakipita tu. Zile nyumba wenyewe hatuwajui, kwa hiyo James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba pale 1948, alizipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, ndo maana utakuta Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, kuna na ya Ushanga wa Venisi, yaani mtu kadondosha mkasi wake zamani hizo na leo nyumba yake nzima inaitwa mkasi! Mwambie wa kati atafute vibao vya majina, kila akipata kimoja akisie mwenye nyumba alikuwa mtu wa aina gani. Halafu waulize, na yetu ikifukuliwa baada ya miaka 600 itaitwaje? Wa kwangu walisema Nyumba ya Rimoti kwa sababu ndo kitu kinachopotea kila siku, tukacheka mpaka getini.

Usisahau kuwaonyesha vyoo. Sikutanii, nyumba zile za mawe zilikuwa na vyoo ndani, na mtoto wa miaka 6 ukimwambia hapa ndo tajiri alikuwa anajisaidia hatasahau maisha. Visima navyo ni vingi, hapo mkono usiuachie, na kuta wasizipande, ni mawe ya matumbawe na chokaa ya zamani.

Huyo wa 12 simu mwachie, mpe kesi apeleleze. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, kwa nini? Wengine wanasema maji ya visima yalishuka, wengine wanasema ni mashambulizi ya Waoromo, wafugaji waliotoka kaskazini, na cha ajabu Wareno walikaa Malindi hapo jirani karibu miaka mia na hawakuuandika huu mji popote. Apige picha za ushahidi, aingie na kwenye kile kijumba cha makumbusho aone vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina, aje akuambie yeye anaamini nini. Tarehe mpe moja tu, ile ya kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria yaani 1399, apige hesabu mwenyewe ni miaka mingapi mpaka leo. Zingine achana nazo.

Nendeni asubuhi. Miti pale imefunika vizuri lakini jua la mchana na mtoto mchanga haviendani, na viatu viwe vya kufunika vidole. Kuna kima wamezoea watu kupita kiasi, biskuti ziwe ndani ya begi lililofungwa zipu na msiwape kitu hata wakikutia huruma, nilishanyang'anywa ndizi mkononi mie huku najiona mjanja. Wakianza kuchoka hapo hapo jirani kuna mradi wa Kipepeo, ulianza 1993, wanakijiji wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyake nje ya nchi, watoto wataingia kuwaona wakiruka na hapo hata mwenye kununa atanyamaza.

Kigari acha hotelini, mizizi na mawe vitakutesa bure. Mtoto mfunge na leso mgongoni, au mpe baba yake ambebe, mikono ikijaa hatapata nafasi ya kuhesabu hela.