Kwa nini hawatoi figa ya mhusika unayempenda: niliyojifunza miaka sita kazini

Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye hii kazi ya figa, zile sanamu ndogo za plastiki za wahusika wa anime (katuni za Kijapani), gemu na sinema, iwe kuchonga kwa kompyuta, kuagiza au kufungua duka, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "kaka, mbona hii anime inaangaliwa dunia nzima na haina figa hata moja, alafu ile ya zamani kila baada ya miezi miwili inatoka mpya?" Nimefanya kazi Dubai miaka sita, mitatu kwenye duka pale Deira nikishika oda, mitatu kwa msambazaji ambako nilikaa meza moja na watu wanaopeleka maoni kwa watengenezaji Japani na Hong Kong. Na nilichoondoka nacho ni kwamba wale watu hawachagui hadithi nzuri, wanachagua muda. Ukilishika hilo mengine yote yanaeleweka.

Hesabu na mimi kidogo. Kampuni inaamua leo itoe mhusika fulani. Inaomba leseni kwa mwenye haki, inasubiri, mkataba unasainiwa. Mchongaji anachonga, saivi wengi kwa kompyuta, inatoka kwenye printa ya 3D ikiwa ya kijivu tupu, inapelekwa kwa mwenye haki aikague, inarudi na marekebisho, inaenda tena, ikipita inapakwa rangi, inakaguliwa tena, ndio oda zinafunguliwa, alafu kiwanda (viwanda vingi viko Guangdong kule China) kinachonga kalibu za chuma, kinatoa sampo, sampo nayo inakaguliwa, ndo uzalishaji unaanza, bado kontena, bado meli. Mwaka mzima mambo yakienda vizuri, na miwili si kitu cha ajabu. Kwa iyo anayeamua leo hajiulizi watu wanapenda nini saivi. Anajiuliza mwakani mwezi kama huu, au mwaka unaofuata, huyu mhusika atakuwa bado ana mtu wa kumtolea hela?

Mimi hili nililipata kwa gharama. Mwaka wangu wa pili dukani niliagiza boksi 96 za mhusika wa gemu moja ya simu, gemu ilikuwa juu sana, vijana wote waliokuja dukani walikuwa wanaicheza pale pale kwenye kaunta. Mzigo ulipofika ilikuwa imepita karibu miezi kumi na minne, na ile gemu ilishatangaza inafunga seva. Bosi wetu alikuwa mama wa Mombasa ambaye kakaa Dubai tangu ujana wake, sote tulimwita Mama. Akaingia stoo, akachukua boksi moja, akaigeuza akaangalia ile dirisha ya plastiki kwa mbele, akamwangalia yule binti wa plastiki na upanga wake muda mrefu, alafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mtu ambaye hajawahi kucheza hii gemu, atamnunua huyu kwa sababu gani?" Sikuwa na jibu. Zile boksi tulikaa nazo zaidi ya miaka miwili. Mpaka leo kabla sijapendekeza jina lolote najiuliza lile swali la Mama, na niamini, wakubwa wa viwanda nao wanajiuliza hilo hilo ila kwa majedwali marefu.

Mfano mkubwa wa hii habari ya muda ni Star Wars. 1976 kampuni ya Mego, iliyokuwa kubwa sana kwa figa Marekani, ilipewa nafasi ya kuchukua leseni ikakataa. Kenner, kampuni nyingine ya midoli ya kule kule, wakachukua. Vijana wengi wakisikia hii wanasema Mego walikuwa hawajui kazi, mimi nawatetea, maana wakati ule sinema ilikuwa inakaa kumbini wiki chache inapita, huku figa yako iko bado kiwandani, bora kipindi cha televisheni kinachorudi kila wiki. Kwa mahesabu ya siku zile walikuwa sawa. Na Kenner wenyewe walikwama kwenye muda: sinema ilitoka Mei 1977, Krismasi ikafika hakuna figa hata moja, wakauza bahasha ya kadibodi yenye cheti ndani, mtoto atume cheti aletewe figa nne 1978. Wazazi wakanunua kadibodi! Na mwaka huo wa 1978 wakauza midoli ya Star Wars kwa mamilioni. Miaka zaidi ya 40 baadaye jambo lile lile, The Mandalorian, tamthilia ya Star Wars, inaanza Novemba 2019, yule mtoto wa kijani wanaomwita Baby Yoda kafichwa siri ili watazamaji wasiharibiwe uhondo, kwa iyo Krismasi rafu zikawa tupu na watu wakalipia oda za vitu vya 2020. Penzi lilihimili kusubiri, ndo maana haikuwa hasara. Hiyo ndiyo sifa wanayoitafuta, penzi linalohimili kusubiri, na ni wahusika wachache wanayo.

Sasa swali la pili, nani analipa. Hapa nataka msome habari za Gundam, anime ya maroboti makubwa, taratibu. 1979 inaanza Japani, mdhamini ni Clover, kampuni ya midoli ya watoto wadogo, na midoli yake haikuuzika vizuri wakati kipindi kinaendelea, kikakatwa kutoka vipindi 52 vilivyopangwa hadi 43. Kiliisha Januari 1980. Alafu Julai 1980, kipindi kimeshaisha, Bandai wanaleta modeli za plastiki za kuunga mwenyewe, kipimo cha 1/144 (yaani roboti ya hadithi imepunguzwa mara 144), yen 300, na wanafunzi wa sekondari wakazigombania madukani. Clover ilifilisika 1983, Bandai mpaka leo inakula kwenye hilo jina. Jina ni lile lile! Clover walimuuzia mtoto wa miaka saba kitu ambacho hadithi yake ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na sita. Kwa iyo ukiambiwa jina fulani halilipi, uliza halilipi kwa nani, kwa saizi gani, kwa bei gani.

Alafu kuna hili ambalo kutoka nje hulioni. Kule Japani anime nyingi inalipiwa na kamati ya makampuni, mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) yumo, televisheni imo, kampuni ya muziki imo, na mara nyingi mtengeneza figa naye yumo tangu mwanzo. Good Smile Company, watengeneza figa wa Japani, wenyewe waliweka mkono kwenye anime ya Black Rock Shooter ya 2010, na 2011 wakaungana na wenzao kuanzisha Ultra Super Pictures, yaani kampuni ya kusimamia studio za anime. Ndo maana wakati mwingine kipindi cha kwanza kinarushwa na figa inatangazwa wiki hiyo hiyo mnashangaa wamewahije, hawakuwahi, walikuwa ndani mwaka mzima kabla. Na anime ambayo kwenye kamati yake hamna mtu wa figa, hata ikipendwa kiasi gani, inaanza foleni kutoka nyuma.

Na leseni yenyewe wala si kitu kimoja. Imegawanywa kama shamba la urithi. Marvel hiyo hiyo, Hasbro wa Marekani ana figa ndogo za inchi sita, Hot Toys wa Hong Kong ana zile kubwa za 1/6 zenye nguo za kitambaa kabisa, mwingine ana vya vichwa vikubwa, kila mmoja na mpaka wake, na mara nyingi na nchi zake za kuuzia. Unalipa mrabaha kwa kila kipande, na juu yake kuna kiwango cha chini unachomhakikishia mwenye haki, uuze usiuze. Na ina tarehe ya mwisho. Midoli ya mabinti wa kifalme wa Disney ilitoka Mattel, kampuni nyingine kubwa ya midoli Marekani, ikaenda Hasbro 2016, 2023 ikarudi Mattel. Wahusika wa DC, kina Batman na Superman, walitoka Mattel, 2020 wakagawanywa kwa Spin Master na McFarlane Toys. Leseni ikibaki na mwaka mmoja hakuna mtu mwenye akili anachonga kalibu mpya, hata mashabiki walie vipi. Mara nyingi mnapolalamika kwamba kampuni imewasahau, haijawasahau, inahesabu miezi iliyobaki.

Kalibu ndio penye pesa. Seti moja ya chuma ni gharama kubwa hata kabla figa ya kwanza haijatoka, ndo maana wanapenda wahusika ambao mwili mmoja unaweza kuzaa wengi. Na mzigo wenyewe wanaugawa kwa wanunuzi wa aina mbalimbali, angalieni ile seti ya Hasbro ya Black Panther ya 2018. Alikuwemo Nakia, aliyechezwa na Lupita Nyong'o wetu, nakumbuka Wakenya walivyokuja dukani kumtafuta yeye tu. Lakini ukitaka kumkamilisha Okoye, ambaye vipande vyake vimetawanywa kwenye boksi zote, ilibidi ununue seti nzima, na kwenye seti walikuwemo Namor na Black Bolt ambao kwenye ile sinema hawapo kabisa. Mimi nasoma hivi: mashabiki wa zamani wa vitabu wanabeba nusu ya mzigo, wa sinema nusu nyingine. Mtoto wa Nairobi aliyemtaka Okoye akambeba na Black Bolt.

Kuhusu wale wanaotoka kila mara, mchukueni Hatsune Miku. Kampuni ya Crypton ya kule Sapporo ilimtoa 2007 kama programu ya kuimbisha kompyuta. Hana hadithi, kwa iyo haina mwisho. Kila mwaka ana nguo mpya ya mashindano ya magari, kila mwaka ana nguo mpya ya theluji kwa tamasha la Sapporo tangu 2010, uso mnaujua, nywele mnazijua hata kwenye kivuli. Fanya hilo jaribio la kivuli, jamani, ni la kweli kabisa: mchore mhusika wako mweusi tii, ukimtambua ana nafasi, usipomtambua atapata shida rafuni hata kama hadithi yake inaliza watu. Wahusika wengi wanaopendwa ni vijana wa kawaida wenye sare ya shule, na sare ya shule haiuziki kwa bei ya figa kubwa ya kipimo cha 1/7.

Wakishachagua bado wanaogopa, kwa iyo wanatafuta njia ya kukuuliza kwanza. Japani maduka yanatoa oda kabla, na idadi ya kuzalisha inapangwa kwa oda hizo, ukichelewa unasubiri kama itarudiwa. Hasbro na HasLab yao, mpango wa kukusanya oda kwanza ndio watengeneze, wanasema wazi idadi: 2018 jahazi la Jabba la Star Wars lilihitaji watu 5,000 kwa dola 500 hivi, wakajitokeza 8,810. 2021 Rancor, lile dude la Star Wars, ilihitaji 9,000, haikufika, haikutengenezwa, basi. Wanaozalisha bila kuuliza vizuri nao tumewaona, Funko, wale wa vichwa vikubwa, walitangaza Machi 2023 kwamba wanaharibu mzigo wa dola milioni 30 hadi 36 kwa sababu kuutunza ghalani kulikuwa ghali kuliko kuutupa. Niliposoma habari ile niliwaza zile boksi zangu 96 siku nzima.

Kwa wachongaji: msidharau ukaguzi. Nilishawahi kuona sampo imerudishwa kwa sababu mboni za macho zilichapwa chini kidogo, hata milimita haikufika, lakini uso mzima ukawa wa mtu aliyechoka na yule mhusika hachoki. Dada aliyekuwa anasimamia alichora mshale mmoja mwekundu kwenye picha akaandika neno moja, "juu". Wiki tatu zikaenda kwa hilo neno. Mwenye haki msumbufu sana ni sababu ya kampuni kumkwepa hata kama jina lake linauza, hii huwezi kuisikia kwenye tangazo lolote.

Na kama mhusika wako hachaguliki, kuna Wonder Festival, maonyesho ya figa yanayofanyika mara mbili kwa mwaka pale ukumbi wa Makuhari Messe, Chiba, Japani, yanasimamiwa na kampuni ya figa ya Kaiyodo tangu 1992. Pale wachongaji wa kawaida wanapewa ruhusa na wenye haki kuuza kazi zao kwa siku ile moja tu, vipande vya rezini vya kuunga na kupaka mwenyewe. Wahusika ambao kiwanda hakiwezi kuwagusa wako pale mezani, ishirini, thelathini, wanaisha saa tano asubuhi. Watu wa makampuni wanapita kuangalia, wachongaji wengi wakubwa walianzia kwenye zile meza. Ukiwa Dar au Nairobi fanya mazoezi kwa wahusika wako mwenyewe, au wa msanii aliyekuruhusu kwa maandishi. Usiuze mhusika wa watu bila ruhusa ukategemea baadaye kampuni hiyo hiyo ikuajiri, wanaangalia kazi zako za nyuma zote.

Mimi bado nina daftari. Kila jina nina mistari minne: leseni iko kwa nani na inaisha lini, msimu au sinema ijayo ni lini, mhusika ana nguo ngapi zinazotambulika, na lile swali la Mama. Ukinijia na jina, njoo na hiyo mistari imeshajazwa, hata kwa penseli, tutaongea usiku kucha.