Kabla ya kubonyeza Enter, soma kona ya chini kulia

Siku ya kwanza nilipoachwa peke yangu mbele ya z/VM, mfumo wa IBM unaoigawa kompyuta kuu moja kwa watumiaji wengi, niliamini nimeiharibu kompyuta kuu ya watu. Niliandika LISTFILE, orodha ya mafaili ikajaa skrini, kisha kila kitu kikasimama. Nikabonyeza Enter. Kimya. Nikangoja dakika moja, mbili, tano. Mwishowe nikamwita mzee niliyekuwa naye zamu: "Mzee, mashine imeganda." Hata hakuinuka. "Haijaganda, mwanangu. Pale chini kulia pameandikwa nini?"

Palikuwa pameandikwa HOLDING.

Kumbe skrini ikijaa, kona ile huonyesha MORE... na mfumo hukupa sekunde 50 za kusoma, halafu hulia kukuonya na kukupa 10 nyingine kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Ukibonyeza Enter wakati huo, umeuambia "subiri, bado nasoma," nao hutii: huandika HOLDING na kukaa hapo hadi uuruhusu. Kitufe cha kuendelea ni Clear. Kibodi zetu za leo hazina kitufe chenye jina hilo, kwa hiyo fungua menyu ya programu yako ya terminali mapema ujue wamekiweka wapi. Hilo ndilo ningemfundisha mgeni kabla ya amri yoyote.

La pili ni kujua unaongea na nani. Ndani ya skrini moja kuna wawili. CP ni kama mwenye nyumba: ndiye anayegawa kumbukumbu, diski na muda wa prosesa, na kila mtumiaji humpa mashine pepe yake, kamili kana kwamba yuko peke yake. CMS ni mfumo unaoishi ndani ya mashine yako na kushughulika na mafaili yako. Mpango huu ulizaliwa miaka ya 1960 katika kituo cha IBM kilichokuwa Cambridge, Massachusetts, na IBM ikautangaza kwa wateja kwa jina la VM/370 mwaka 1972. Ile C ya CMS mwanzoni ilikuwa ya Cambridge. Baadaye ikageuzwa kuwa ya Conversational, yaani ya mazungumzo, na mimi naona jina la pili ndilo linaloufaa, maana kazi yote ni kuuliza na kujibiwa.

Kona ile ile ndiyo inayokuambia zamu ni ya nani. CP READ maana yake mwenye nyumba anakusikiliza na CMS imesimama. VM READ maana yake mashine yako inangoja uandike; ukiiona mara tu baada ya LOGON, bonyeza Enter mara moja na faili la PROFILE EXEC, lenye amri zako za kuanzia, litaendeshwa kukuandalia mazingira. RUNNING huwababaisha wengi. Wanadhani mashine ina shughuli, kumbe kama mstari wa mwisho ni Ready; basi iko tayari, andika tu. Na ukitaka kumuuliza mwenye nyumba jambo bila kutoka CMS, tanguliza #CP, mfano #CP QUERY TIME.

Ujumbe wa makosa nao una saini. Ukianza na DMS umetoka CMS, ukianza na HCP umetoka CP. Andika HELP na namba ya ujumbe huo, usome maelezo yake. Tazama pia mabano ya Ready: ukiona Ready(00028), mara nyingi faili ulilolitaja halikupatikana, na Ready(-0003), ni kwamba neno uliloandika halijulikani kama amri. Mimi nilipoteza masiku nikisoma mistari ya juu na kuiruka ile namba.

Faili la CMS lina majina matatu: jina lenyewe, aina, na herufi ya diski. MALIPO DATA A ni faili la malipo, aina yake DATA, kwenye diski A, ambayo kwa kawaida ni diski yako namba 191. Jina lisizidi herufi nane, aina vilevile. QUERY DISK hukuonyesha diski ulizonazo na nafasi iliyobaki. COPYFILE ya kunakili, RENAME ya kubadili jina na TYPE ya kuonyesha faili hazina shida. Utazizoea kwa siku moja.

ERASE, amri ya kufuta, ndiyo ya kuiogopa. Haikuulizi "una hakika?" Niliwahi kuandika ERASE * EXEC, ambapo nyota ni "jina lolote," nikikusudia kufagia majaribio yangu, na PROFILE EXEC ikaenda pamoja nayo. Tangu hapo, kabla ya kufuta kwa nyota, huandika kwanza LISTFILE kwa nyota ile ile na kusoma jina moja moja. Afadhali zaidi, fungua FILELIST, orodha ya mafaili yako, uandike ERASE mbele ya lile faili unalolitazama kwa macho.

XEDIT, programu ya kuhariri mafaili, nitaigusa tu. Upande wa kushoto wa kila mstari kuna alama =====; andika D juu yake mstari ufutike, au DD mwanzoni na DD mwishoni kufuta fungu zima. FILE huhifadhi na kutoka. QUIT hukukatalia kama umebadilisha kitu, na QQUIT hutoka bila kuhifadhi, usiizoeshe mkono. Ukifanya mazoezi nyumbani kwa Hercules, programu inayoiga kompyuta kuu kwenye kompyuta ya kawaida, na VM/370 ya zamani, usishangae kutoikuta XEDIT: ilikuja baadaye, mwaka 1980. Humo utatumia EDIT.

Programu ikikwama kweli, HX huikatisha.

Kuondoka nako kuna njia mbili. LOGOFF hufunga mashine yako kabisa. DISC hukutoa wewe na kuiacha mashine ikiendelea na kazi. Jioni moja nilianzisha kazi ndefu, nikaandika DISC, nikaenda nyumbani. Asubuhi niliporudi skrini ilisema RECONNECTED, na kona ikaonyesha CP READ. Nikaona CMS haipo, nikaandika IPL CMS kuiwasha. Amri ile iliianzisha mashine yangu upya, na kazi ya usiku kucha ikapotea pale pale. CMS ilikuwepo, mwenye nyumba alikuwa ameisimamisha tu, anangoja nimwambie aiache iendelee. Amri yake ni BEGIN, na herufi B peke yake ingetosha.