Kocha wa wachezaji wa misimu miwili

Swali: Ndugu Mhariri, ninafundisha kandanda vijana wa mtaani kwetu Katuba, Lubumbashi. Shemeji yangu aliyeko Marekani anasema huko kuna vyuo vya miaka miwili vinavyoajiri makocha wa timu za wanaume. Je, kazi hiyo inaweza kulisha familia?

Jibu: Ndugu msomaji, inaweza, ila si mara zote kwa mshahara wa ukocha peke yake. Vyuo hivyo, ambavyo vingi viko chini ya NJCAA, chama cha michezo ya vyuo vya miaka miwili kilichoanzishwa mwaka 1938, mara nyingi humpa kocha ajira ya muda, au humwongezea kazi nyingine kama kufundisha darasani. Ligi huchezwa takriban kuanzia Agosti hadi Novemba. Miezi inayobaki ni ya kutafuta wachezaji, na hapo ndipo penye jasho. Kwa kuwa kijana huchezea chuo misimu miwili kisha huhamia chuo cha miaka minne, kocha hujenga timu upya kila mwaka, na sifa yake hupimwa pia kwa idadi ya waliofaulu masomo na kupata nafasi huko mbele. Anayefanya vizuri huweza kuitwa awe msaidizi katika chuo kikubwa, ingawa wengine, na kwa maoni yangu hawakosei, hubaki hapohapo hadi kustaafu.

Leseni ya ukocha ya CAF, shirikisho la kandanda la Afrika, itakusaidia, lakini shahada ya chuo kikuu na Kiingereza ndivyo watakavyouliza kwanza.