Ghadhabu ya Achilles katika Mizani Yetu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari, Lindi. Ninazo tafsiri mbili za Kiingereza za Iliadi, shairi la kale la Kigiriki la Homer kuhusu vita vya Troya: ya Alexander Pope yenye vina na ya Richmond Lattimore isiyo na vina, nazo zinatofautiana mno hata nashindwa kuamini kuwa zimetoka katika shairi moja. Ipi ni ya kweli zaidi? Tena natamani kuifasiri Iliadi kwa utenzi. Je, inawezekana?

JIBU: Ndugu Mwalimu, zimetoka katika shairi moja, ila kila mfasiri alichagua atakachokipoteza. Mstari wa Homer una silabi 12 hadi 17, nao hupimwa kwa urefu na ufupi wa silabi, jambo ambalo Kiingereza hakilifuati katika mashairi yake kwa kuwa chenyewe hupima mkazo. Pope, aliyeitoa kazi yake kati ya 1715 na 1720, aliandika mishororo ya silabi 10 inayofungana vina miwili miwili, na vina hivyo vina gharama. Neno la kwanza kabisa la Iliadi ni ghadhabu, nayo ni ya Achilles, shujaa wa Wagiriki. Pope amelianza nalo, lakini ombi la kumtaka mungu wa kike aimbe amelisukuma hadi mwisho wa mshororo wa pili ili apate kina. Lattimore, katika tafsiri yake ya 1951, anaanza na ombi lenyewe, ila mistari yake mirefu humfuata Homer karibu mstari kwa mstari.

Angalia pia sifa zinazorudiwa, kama Achilles mwepesi wa miguu. Lattimore huzibakiza, ilhali Pope aghalabu huzibadili au huziacha. Wanafunzi wako huenda wakachoshwa nazo, lakini waeleze kuwa shairi hili lilizaliwa midomoni kabla ya kuandikwa, na mtu aliyemsikia manju akiongoza ngoma usiku kucha anajua kwa nini maneno yaleyale hurudi. Kwa kujua Homer alisema nini, mshike Lattimore. Kwa kusikia Kiingereza kikipaa, msome Pope kwa sauti. Mimi nawapenda wote wawili, ila darasani ningeanza na Lattimore.

Kuhusu utenzi, inawezekana, na naona tuna bahati ambayo Waingereza hawakuwa nayo. Vipande viwili vya mizani 8 ni mizani 16, karibu sawa na mstari mmoja wa Kigiriki, na utenzi tangu zamani ndio chombo chetu cha kusimulia vita. Utenzi wa Tambuka unasimulia vita vya Waislamu na Warumi, na hapo Lindi kwenu Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji, ambao W. H. Whiteley aliufasiri kwa Kiingereza. Usome huo kabla hujashika kalamu, uone jinsi anavyopitisha habari ya mapigano katika vipande vifupi bila kukatiza pumzi ya msimulizi.

Usianze na Iliadi nzima, kwani ina mistari zaidi ya 15,600, yaani karibu beti 7,800 kwa hesabu yetu ya mistari miwili kwa kila ubeti wa vipande vinne. Anza na kitabu cha sita, Hector, shujaa wa Troya, anapomuaga mkewe Andromache: mtoto wao anaogopa shaba na singa za farasi zilizo juu ya chapeo ya baba yake, analia, nao wazazi wanacheka. Nimejaribu ubeti mmoja:

Mwana alipotishika
baba na mama wacheka
chapeo akaiweka
chini ikimetameta

Kina cha kipande cha nne ndicho utakachokishika hadi mwisho, kwa hiyo kichague mapema. -Ta kitakubana upesi, na -a au -ni kitakupa nafasi. Sehemu hiyo ya kuagana haizidi beti 70. Ikikamilika, andika wazi kwenye ukurasa wa kwanza kuwa umefasiri kutoka Kiingereza, na umtaje mfasiri uliyemtumia.